Siku Mama Eunice Alipozima Kompyuta ya Dirishani

Jumatatu hiyo wingu lilijikusanya upande wa Namanga tangu saa saba mchana, na ilipofika saa tisa mabati ya ofisi yalikuwa yameanza kupigwa na mvua. Nelima Makokha aliacha faili aliyokuwa akiipanga, akaanza kuchomoa nyaya. Alichomoa birika la umeme, akachomoa printa, akachomoa hata chaja za watu ambao hawakuwepo. Ndivyo alivyolelewa kwao Bungoma, na ndivyo wenzake wa Kajiado walivyolelewa pia: radi ikianza, redio inazimwa, kioo kinafunikwa, na hakuna anayekaa karibu na waya.

Walikuwa wawili tu ofisini. Lemein, dereva, alisimama mlangoni akitazama maji yakijaa uani.

"Auntie, chomoa na ile ya dirishani," alisema.

"Hiyo imeandikwa isizimwe."

"Imeandikwa, lakini radi imesoma? Mwezi uliopita ng'ombe sita wa mjomba wangu walikufa mahali pamoja. Sita! Na hawakuwa wamechomekwa kwa stima."

Mwanga mweupe ukapita dirishani, na sauti ikafuata bila kuchelewa. Nelima hakungoja tena. Aliizima kompyuta ile taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa, akachomoa waya wake ukutani, akaifunika kwa kitambaa. Aliamini ameiokoa.

Nelima ni jirani yangu hapa Kitengela, mlango wa tatu kutoka ngazini, na sisi wote wa ploti hii ya nyumba za kupanga humwita Mama Eunice. Ana miaka arobaini na tisa. Mumewe anafundisha shule ya msingi kule Bungoma na huja likizo. Eunice, kifungua mimba wao, ameshaolewa. Kila asubuhi saa kumi na mbili Mama Eunice hupita mbele ya mlango wangu akiwa na mkebe wa chakula mkononi na sweta begani, kwa sababu upepo wa Kajiado asubuhi haumwonei mtu huruma. Miaka tisa sasa anafanya kazi katika mradi mmoja mdogo wa hisani unaotafuta watoto wenye miguu iliyopinda katika kaunti nzima, kuanzia Kiserian hadi Illasit, ili wapelekwe kwa madaktari. Cheo chake ni karani. Kazi yake halisi ni kuwa kumbukumbu ya ofisi. Ukimtajia mtoto aliyefanyiwa upasuaji miaka mitano iliyopita, atakwambia ni mguu upi, na kama mtoto alilia au hakulia.

Haya niliyoandika hapa alinisimulia mwenyewe, kwa vipande, Jumapili mbili mfululizo. Nayaandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "ni system," kana kwamba system ni mvua.

Ofisi yao ina anwani moja ya barua pepe ambayo hospitali zote zinaijua. Barua ikifika kwenye anwani hiyo, inaingia katika sanduku la pamoja, na mfanyakazi yeyote anapaswa kuweza kulifungua kwa jina lake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyopangwa kwenye makaratasi. Katika ofisi ya Kajiado mambo yalikwenda tofauti. Sanduku hilo lilifunguliwa miaka sita iliyopita na Morgan Ojwang, aliyekuwa afisa wa kumbukumbu, katika kompyuta iliyo karibu na dirisha. Badala ya kumpa kila mtu ruhusa yake, Ojwang aliiacha kompyuta ile wazi kwa jina lake, akabandika karatasi juu yake: USIZIME. Aliyetaka kusoma au kujibu barua alikwenda dirishani, akaketi, akajibu, kisha akaandika katika daftari lililofungwa kwa kamba mguuni mwa meza: tarehe, jina lake, na amemjibu nani. Daftari la kwanza lilijaa. La pili likajaa. Stima ilipopotea, betri ya akiba iliishikilia kompyuta hadi iliporudi. Ojwang mwenyewe aliacha kazi mwaka juzi, akahamia Kisumu. Jina lake likabaki kazini, likijibu barua kila siku.

Hakuna aliyeona ubaya. Mambo yalikuwa yanaenda.

Asubuhi ya Jumatatu ile ile, kabla ya mvua, Nelima alikuwa ameketi dirishani akasoma barua iliyomfanya apige meza kwa furaha. Ilitoka kwenye hospitali iliyo ng'ambo ya Nairobi ambako mara moja kwa mwaka madaktari wa mifupa hukusanyika kwa wiki moja na kuwafanyia watoto upasuaji bila malipo. Soipan, binti ya Kakuta wa Kimana, alikuwa amepata nafasi. Kilichobaki kilikuwa kutuma majibu ya damu yake na kuthibitisha kwamba atafika. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Jumatano saa kumi jioni. Jibu lilipaswa kutoka kwenye anwani ya ofisi iliyosajiliwa, si kwingine, kwa kuwa mwaka uliotangulia kuna watu waliotuma majina ya uongo ili kuwapitishia watoto wa jamaa zao.

Soipan alikuwa na miaka kumi na miezi minane. Mguu wake wa kulia ulijipinda kuanzia gotini hadi unyayo ukatazama nje, na alipotembea alilisukuma goti kwa kiganja ili limfuate. Upasuaji wa madaktari wale hutegemea mfupa ambao bado unakua. Mtoto akishafikisha miaka kumi na moja hawamchukui. Kwa hiyo kambi hii ya upasuaji ndiyo iliyokuwa yake. Hakukuwa na nyingine.

Majibu ya damu yangetoka maabara Jumanne. Nelima alimpigia Kakuta, akamwambia aje na mtoto, tayari kwa safari ya hospitali. Kisha mawingu yakaja.

Jumanne asubuhi jua lilikuwa kali na ua umejaa matope. Nelima alichomeka waya, akabonyeza, akangoja. Kompyuta iliwaka vizuri, bila hata kelele. Ikaonyesha jina la Morgan Ojwang, na chini yake kisanduku cheupe kikitaka neno la siri.

Alimwita Lemein. Lemein alimwita Madam Zipporah, mkuu wa ofisi, mwanamke mrefu wa hapo hapo Kajiado ambaye huzungumza polepole hata akikasirika. Watatu hao wakasimama mbele ya kisanduku hicho.

"Nani anajua password?" Zipporah aliuliza.

Nelima alipekua daftari la kamba; lilikuwa na tarehe na majina tu.

"Miaka sita hiyo mashine haijazimwa, Nelima. Sita."

"Ilikuwa radi, Madam."

"Radi ilipiga mara ngapi hiyo miaka sita?"

Lemein alijikuna shingo, akasema ni yeye aliyemwambia Nelima azime, lakini Zipporah alikuwa ameshaanza kumtafuta Ojwang kwenye simu.

Ojwang alipokea akicheka. "Kumbe bado mnatumia jina langu? Basi mnilipe!" Alikumbuka neno lake la siri, tena lote, pamoja na alama ya mshangao mwishoni. Nelima aliliandika herufi moja baada ya nyingine. Kompyuta ikasema neno hilo limepitwa na wakati, na kwamba ili kuweka jipya lazima mwenyewe athibitishe kwa nambari sita zitakazotumwa kwenye simu yake. Ikaonyesha tarakimu mbili za mwisho za simu hiyo.

"Hiyo ni laini yangu ya zamani," alisema Ojwang. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Niliiacha nikihama. Sijui nani ako nayo."

Walijua baada ya dakika tano. Nelima alibonyeza ili nambari zitumwe, kisha akaipigia laini ile. Ilipokelewa na mwanamke, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa nyundo juu ya mawe.

"Halo, mama, habari ya asubuhi? Naongea na nani?"

"Wewe ndiye umepiga. Sema wewe ni nani."

"Naitwa Nelima, niko Kajiado, nafanya kazi ya watoto wagonjwa. Mama, kuna meseji imeingia kwa simu yako sasa hivi. Iko na nambari sita. Naomba tu unisomee..."

"Eeeh! Hapo ndipo nilikuwa nakungojea!" Nyundo zikanyamaza. "Kumbe na wamama mmeingia hii kazi? Juzi alikuwa kijana, ati nimeshinda gari. Leo ni watoto wagonjwa!"

"Mama, naapa mbele ya Mungu, si utapeli."

"Usiape, utaungua. Mimi nauza mawe ya kujenga hapa Kiserian miaka ishirini. Chifu alituambia usipeane nambari ya siri. Pasta akatuambia. Redio ikatuambia. Wewe ni nani mkubwa kuliko hao watatu?"

Lemein alichukua simu ili aongee kwa upole, kama mwanamume mzima mwenye adabu.

"Haya, sasa umeita bwana yako!" mwanamke wa Kiserian alipaza sauti. "Mkae huko huko jela na simu zenu!"

Akakata. Walipopiga tena, laini haikupatikana. Alikuwa amewafungia.

"Hata mimi nisingempa," Nelima alisema, na alimaanisha. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amemzuia mama mmoja wa ploti yetu asisome nambari kama hizo kwa mtu asiyemjua. Nelima alifanya vizuri. Na mama wa Kiserian alifanya vizuri. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia: katika hadithi hii kila mtu alifanya vizuri.

Saa nane na nusu walilipata dawati la msaada wa kompyuta huko makao makuu Nairobi. Kijana aliyepokea aliitwa Roy. Alikuwa na sauti laini, na alikuwa na subira ya mtu anayelipwa kuwa na subira.

"Madam, siwezi kufungua account ya mtu ambaye hayuko kwa laini," alisema. "Lakini hiyo isikusumbue. Tutakupea ruhusa kwa jina lako mwenyewe. Ulipaswa kuwa nayo tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo hakuna aliyeniambia."

"Ni sawa, madam. Nakutumia fomu."

Fomu ilikuja kwenye barua pepe yake binafsi ya kazini, ambayo kwa miaka tisa alikuwa ameitumia kupokea matangazo ya mazishi na salamu za Krismasi. Alijaza jina, cheo, anwani ya sanduku, sababu. Zipporah akaidhinisha. Saa kumi kasoro Roy alipiga tena, akasema ameshamaliza upande wake. Sasa ni kungoja.

"Kungoja nini?"

"Hiyo ruhusa isambae, madam."

"Isambae wapi?"

"Kwa system. Inaweza chukua saa moja. Saa ingine ni siku nzima. Zima laptop, uwashe tena."

Alizima, akawasha. Alizima, akawasha. Saa kumi na moja Kakuta alifika na binti yake. Walikuwa wametoka Kimana alfajiri, matope yakawachelewesha njiani, na walikuwa wameacha nyanya shambani zikianza kuiva. Kakuta ni mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, asiyependa kukaa kiti cha mbele. Alisalimia kwa Kimaasai kwanza, akimwita Nelima mama, kisha kwa Kiswahili.

"Sopa, yeyo. Tumekuja."

"Karibu, Baba Soipan. Damu imetoka safi. Imebaki kitu kidogo tu cha kompyuta."

"Kitu kidogo," alirudia Kakuta, akainamisha kichwa kwa heshima.

Baba na binti walilala kwa dada ya Kakuta hapo mjini. Nelima alirudi Kitengela, na anasema alipika ugali akasahau mboga jikoni hadi ikaungua.

Jumatano saa mbili asubuhi sanduku halikuwa limeonekana. Kakuta na Soipan walikuwa tayari kwenye benchi la nje, msichana amevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi. Nelima alimpigia Roy. Roy akasema ruhusa ipo, anaiona kabisa kwa upande wake, labda ni saa moja tu zaidi. Lemein alisimama akichezea funguo.

"Auntie, niende na karatasi kwa mkono? Nikitoka sasa nafika saa sita, hata kuwe na jam."

Hili ndilo linalomrudia mpaka leo anapofua, anapokata nyanya, anapokaa kanisani. Karatasi ilikuwepo. Gari lilikuwepo. Lemein alikuwa ameshika funguo. Lakini barua ilisema jibu litoke kwenye anwani iliyosajiliwa, na Roy alikuwa amesema saa moja. Nelima ni mtu wa kufuata maagizo.

"Ngoja," alimwambia Lemein. "Saa moja tu."

Saa tano na dakika kumi sanduku likatokea. Lilijileta lenyewe upande wa kushoto wa kioo, chini ya jina lake, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: barua za miaka sita, barua za Jumatatu, barua ya Soipan. Nelima alipiga kelele hadi Kakuta akachungulia mlangoni.

"Imekubali?"

"Imekubali, Baba Soipan! Imekubali!"

Aliandika jibu mara mbili ili lisiwe na kosa. Akaambatisha majibu ya damu. Akabonyeza kutuma. Sekunde nne baadaye barua yake ilirudi, na juu yake kulikuwa na ujumbe kwamba hana ruhusa ya kutuma kwa niaba ya anwani hii.

Roy alisikiliza, kisha akavuta pumzi. "Aaa. Hiyo sasa ni kitu ingine, madam. Uliomba kufungua sanduku. Kutuma ni ruhusa tofauti."

"Roy, ni nani anaomba kusoma barua za watu asijibu?"

"Wako wengi, madam. Wakaguzi, kwa mfano."

"Mimi si mkaguzi. Niko na mtoto hapa nje."

"Naelewa. Nimeomba hiyo ruhusa sasa hivi. Lakini ya kutuma lazima mwenye sanduku akubali. System imemtumia ombi."

"Mwenye sanduku ni nani?"

Alisikia vidole vikibofya. Roy alisoma jina hilo kama mtu ambaye hajawahi kulisikia. "Morgan Ojwang."

"Ombi amelitumiwa wapi?"

"Kwa email yake ya kazi."

"Ambayo imefungwa. Ambayo ndiyo tulianzia."

Roy akasema kile alichokuwa akisema tangu Jumanne: "Naelewa, madam."

Nimefikiria sana juu ya hili duara. Ili Nelima ajibu, lazima Ojwang akubali. Ili Ojwang akubali, aingie. Ili aingie, mama wa Kiserian amwamini mtu asiyemjua. Watu wenye shahada waliketi mahali wakaliunda jambo hili, kipande kwa kipande, kila kipande na sababu yake nzuri, na hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza nini kitatokea likikutana na karani mmoja, saa tano asubuhi, huko Kajiado. Tunapeleka mtandao vijijini na kupiga picha tukikata utepe. Nani anabaki nyuma kuhakikisha mlango unafunguka?

"Ni nani juu yako?" Zipporah alikuwa amechukua simu mkononi mwa Nelima. "Kijana, kila mtu ako na mtu juu yake."

"Ni Musau, Madam. Yeye anaweza kupita juu ya hiyo approval. Lakini ako kwa mkutano mpaka saa tisa."

"Mtoe."

"Madam, nimemwandikia."

"Sikusema umwandikie. Simama, tembea, gonga mlango."

"Mkutano uko Mombasa, Madam."

Nelima alituma jibu lile lile kutoka kwenye anwani yake binafsi, kisha akapiga hospitali. Aliyeshughulikia orodha aliitwa Shirleen, na walikuwa wamezoeana kwa sauti tu, miaka mitatu.

"Nimeiona, dada," alisema Shirleen. "Imetoka kwa jina lako, si kwa ofisi. Siwezi kuiingiza."

"Lakini unanijua, Shirleen. Unajua sauti yangu."

"Nakujua. Mwaka jana pia nilimjua aliyenipigia. Nusura nifutwe. Sasa orodha inaangaliwa na watu wawili baada yangu, na wao hawajui sauti ya mtu. Tafuta hiyo email, dada. Nakuombea."

Ilikuwa saa sita na nusu. Lemein alisema bado anaweza kuondoka, na Nelima alihesabu kwa vidole: saa nne, pengine zaidi, ukiingia Nairobi wakati watu wanatoka kazini. Angefika saa kumi na moja na karatasi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipokea. Lemein aliweka funguo mezani.

Kuanzia hapo hakukuwa na la kufanya ila kutazama. Nelima anasema hicho ndicho kilichomchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya: kuona barua, kuisoma, kuona jina la Soipan limeandikwa sawasawa bila kosa hata moja, kuwa na jibu tayari, na mikono miwili mizima isiyo na kazi. Kila baada ya dakika chache alibonyeza kutuma. Kila mara ilirudi. Mara ya kumi na tisa aliacha kuhesabu. Saa nane Zipporah alimletea chai akaiweka karibu yake. Nelima hakuigusa.

Saa tisa mkutano wa Mombasa haukuwa umekwisha.

Saa tisa na nusu Kakuta aliingia, akasimama katikati ya chumba, kofia mkononi.

"Yeyo, mtoto anauliza kama kuna shida."

"Mwambie tunangoja mtu mmoja huko Mombasa, aseme ndiyo."

"Huyo mtu anamjua Soipan?"

"Hapana."

"Ni daktari?"

"Hapana, Baba Soipan. Ni mtu wa kompyuta."

Kakuta akasema, "Basi acha nimngoje na mimi," akaketi, kwa mara ya kwanza, kwenye kiti cha mbele.

Saa kumi ilipofika hakuna kilichotokea. Hakukuwa na kengele. Nelima alibonyeza kutuma, ikarudi. Saa kumi na dakika kumi na tisa alibonyeza tena, na haikurudi. Aliitazama nafasi ile tupu ambapo ujumbe wa kukataliwa huwa unatokea. Dakika moja. Mbili. Ilikuwa imekwenda: huko Mombasa Musau alikuwa amekubali. Kabla hajainuka, barua mbili ziliingia kwa jina lake kutoka dawati la msaada. Ya kwanza ilisema ombi lake limetatuliwa na limefungwa. Ya pili ilimwomba achague nyota, moja hadi tano, kueleza jinsi alivyoridhika na huduma.

Shirleen alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Dada, nimeipata sasa. Inasoma saa kumi na dakika kumi na tisa."

"Shirleen..."

"Nilingoja. Saa kumi kamili walinitaka nifunge, nikajifanya nimeenda msalani. Nilikaa huko dakika tano. Nikirudi walikuwa wameshaweka mtoto wa orodha ya akiba. Mama yake amepigiwa simu, ako njiani."

Nelima alimshukuru. Alishangaa kusikia amemshukuru. Aliweka simu, akageuza kiti kikamtazama Kakuta, na akamwambia yote bila kumficha kitu: kwamba nafasi imekwenda, kwamba kompyuta ilikuwa na kosa la miaka sita ambalo hakuna aliyelijua, na kwamba aliyeizima ni yeye, kwa mkono wake, Jumatatu saa tisa.

Kakuta alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mtoto mwingine," aliuliza, "anatoka wapi?"

"Sikuuliza."

"Naye ni mguu?"

"Ni mguu. Wote ni miguu."

Kakuta aliitazama kofia yake. "Haya. Basi wamfanyie vizuri." Lakini hakuinuka. Alikaa hapo akizungusha kofia, na Nelima aliona anatafuta swali lingine ambalo lingekuwa na jibu tofauti, na kwamba halipati.

Soipan alikuwa ameingia bila wao kumwona. Kiswahili chake cha shule kilikuwa bora kuliko cha baba yake, na alikuwa amesikia.

"Mwaka ujao?" aliuliza.

Lemein akatoka nje.

"Mwaka ujao utakuwa umepita miaka wanayochukua, mama," Nelima alisema. Anasema angeweza kumdanganya, hata ulimi ulikuwa tayari. Lakini mtoto alikuwa akimtazama machoni. "Tutatafuta daktari mwingine. Sijui kama yuko. Nitatafuta."

Soipan alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakulia. Alimwomba baba yake mfuko, akatoa kandambili mpya za bluu, bado zimeunganishwa kwa uzi wa dukani, ambazo shangazi yake alikuwa amemnunulia za kuvaa wodini. Alikata uzi kwa meno.

"Hizo ni za hospitali," baba yake alisema.

"Si ni zangu?"

Akazivaa. Wakatoka, Kakuta mbele, msichana nyuma akilisukuma goti kwa kiganja, kandambili ya kulia ikikwaruza saruji ya veranda kisha changarawe ya uani. Nelima alishika mlango hadi walipokata kona ya lango. Kisha akarudi kwenye meza yake. Katika sanduku la pamoja kulikuwa na barua kumi na nne mpya, na sasa angeweza kuzijibu zote.